Ngoto ya Lori

Mimi lile lori sikulipenda tangu siku lilipofika Mkuyuni, na sioni kwa nini niseme uongo uzeeni. Ndilo lililokuja kula nyumba ya mama yangu. Siku ile watu walilipigia vigelegele, wakalifunga majani ya migomba mbele, padri akalinyunyizia maji ya baraka upande huu, shehe akaliombea dua upande ule, na mimi nimesimama pembeni nimekunja uso. Kaka yangu akaja akaniuliza, "Wewe una nini leo?" Nikamwambia, "Kitu chenyewe hakijalipiwa. Ngoma hii ya nini?" Akacheka. Tangu arudi kutoka vitani Burma alikuwa hajacheka sana, kwa hiyo nikamwacha acheke.

Nyumba ile aliijenga yeye, kwa fedha aliyopewa jeshini alipoagwa. Mama alikuwa ameteleza na mkungu wa ndizi kichwani, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya, na tangu hapo mlima ukawa adui yake. Shamba lake la ukoo lilikuwa kule juu, lakini kupanda na kushuka kila siku hakuweza tena. Kaka akapata kiwanja chenye hati pale Mkuyuni, kando ya barabara, mahali tambarare. Akachoma matofali, akapaua bati, akaweka baraza pana ili mama akae aone watu wa gulio. Mimi nilikuwa nimeolewa jirani, nikawa namwona kila siku. Akipita mgeni, mama alimwita amwonyeshe milango. "Mwanangu huyo," anasema, na mgeni lazima aguse bawaba.

Kaka ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni. Kampuni yenyewe ilikuwa sisi: wakulima wa kabichi, vitunguu na ndizi wa huku milimani, Wakatoliki wa vijiji vya misheni, pamoja na Waislamu wenye mashamba yao na maduka madogo pale chini. Kabla ya hapo tulishusha mizigo kwa vichwa, tukaipanga kando ya barabara kungoja gari la mtu, na mwenye gari anataja bei aitakayo, maana anajua kabichi hairudi mlimani. Tulichoka kuonewa. Tukachanga, kila mtu akanunua hisa kwa uwezo wake. Zangu nilinunua kwa fedha ya vitunguu. Mume wangu hakutia hata senti. Tukapata mashine ya kusaga, tukajenga ghala, na fedha ikaishia hapo. Lori likabaki.

Fedha ya lori tukakopa kwa mfanyabiashara mmoja mzee, Mhindi, mwenye duka la jumla mjini Morogoro. Wakati ule Mwafrika hakukopeshwa hivihivi. Ilibidi bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya, akubali kwa maandishi, naye akakubali. Mkopo ulikuwa wa miaka mitano. Kila mwaka tulipe riba yake tu, na mwaka wa tano turudishe mkopo wenyewe wote kwa mkupuo. Kaka alitueleza hivyohivyo ghalani, hakuficha.

Ila hilo neno riba ndilo lililoleta taabu. Waislamu wakasimama. "Mwenyekiti, riba kwetu haramu. Kama ni riba, turudishieni hisa zetu twende zetu." Ghala likachafuka, huyu anasema hili, yule anasema lile. Kaka akakuna kichwa, kisha akasema jambo ambalo siku ile kila mtu aliliona la akili, hata mimi. Akasema, "Jamani, hii ichukulieni kama ngoto."

Huku kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata mama. Mtu wa ukoo mwingine akitaka kulima kwetu anaomba, anapewa kipande, na kila mwaka baada ya mavuno analeta ngoto: kuku, kapu la mahindi, kibuyu cha pombe, kitu kidogo tu. Si bei ya shamba. Ni kusema, bado najua kwamba shamba ni lenu. Na mtu akileta ngoto yake bila ukaidi, hafukuzwi. Atalima yeye, watalima wapwa zake, na hakuna atakayemwendea siku moja kumwambia miaka yako imekwisha, toka. Mwenye ardhi akifanya hivyo, watu wa ukoo wake mwenyewe watamtemea mate.

Basi ghala zima likapumua. Kumbe ni ngoto! Shehe akasema kumshukuru mwenye mali hakuna ubaya. Wakanyoosha mikono juu, na lori likanunuliwa.

Na walitoa, nisiwasingizie. Riba ilitoka kwenye mapato ya lori, lakini watu waliona aibu kumpelekea mtu mzima fedha tupu. Wakaongeza kuku, mkungu wa ndizi, asali. Mwaka mmoja nilikuwa miongoni mwa wajumbe. Mzee yule hakula nyama maishani mwake, dini yake haikumruhusu. Kuku wetu aliwagawia wapagazi wake palepale mbele ya macho yetu. Lakini aliwapokea kwa mikono miwili, akatuletea chai na bajia zenye pilipili, akauliza habari za mvua. Na kwetu kupokea ndiyo kukubali. Tukirudi juu ya magunia matupu, wazee wakawa wanasema, "Mwungwana yule. Huyu hatatusumbua."

Nikamsogelea kaka. "Hawa wanajua kwamba mwaka wa tano atataka chake chote?"

"Nimewaambia."

"Najua umewaambia. Nakuuliza kama wanajua."



Mwaka wa tano ukafika. Kila mwaka hesabu zetu zilikaguliwa na Mgoa mmoja mwembamba aliyekuwa na chumba cha kazi juu ya duka la vitambaa mjini. Siku ile nilikuwa nimeshusha vitunguu vyangu sokoni, nikamfuata kaka huko juu ili turudi pamoja. Nikakaa kwenye benchi na kapu langu miguuni. Mkaguzi hakunijali, akadhani ni mke wa mtu tu.

"Bwana mwenyekiti," akasema, "deni hili miaka yote nimeliweka hapa chini, kwenye madeni ya muda mrefu. Mwaka huu haliwezi kukaa hapo. Mkopo unaiva, yaani siku ya kuulipa wote inafika, kabla ya miezi kumi na miwili kwisha. Litahamia huku, kwenye madeni ya kulipwa ndani ya mwaka, pamoja na mafuta na mshahara wa dereva."

"Lote?"

"Lote."

"Fedha hiyo hatuna."

"Najua. Nimezihesabu mimi."

Kaka akafuta jasho. Mwenye mafuta na matairi alikuwa akitukopesha mpaka mwisho wa mwezi, na kila mwaka alitaka kuona hesabu zetu kwanza. Akiona deni zima limehamia upande ule, na fedha ya kulilipa haipo, angetaka taslimu. Bila mafuta lori halitembei. Lori lisipotembea, kabichi zinaoza, na kampuni inakufa. Kaka akamwuliza Mgoa, taratibu kabisa, kama hawezi kuliacha palepale kwa mwaka huu tu.

"Nikiliacha, nitakuwa nimedanganya kwa saini yangu," akasema. Hakusema kwa ukali. Akavua miwani akaifuta. "Njia ya haki ipo moja. Tafuta mkopo mpya wa kulipia huu wa zamani. Ukiniletea mkataba wake umetiwa saini kabla mimi sijazitia saini hesabu hizi, na mkataba wenyewe ukiwa wa miaka kadhaa, basi deni litabaki kwenye muda mrefu, isipokuwa sehemu itakayolipwa mwaka huu. Nami nitaandika maelezo hapa chini, ili kila asomaye ajue limebakije."

Tulipotoka nikamwuliza kaka, "Sasa deni litakuwa limepungua?"

"Halitapungua. Litakuwa limepata muda."

"Na muda unauzwa?"

"Unauzwa, mdogo wangu. Ghali."

Kwanza wazee walitaka kujaribu njia yao. Wakashuka mjini na beberu mnene, wakamwomba yule mzee aendelee kutuachia fedha yake. Mzee akakunja mikono kifuani, akawaambia kwamba amechoka, duka anawaachia wanawe, naye anarudi kwao kufia huko, na kila mwenye deni lake amlipe. Beberu hakumpokea. Loo! Siku ile Mkuyuni hapakukalika. "Kuku wetu amekula miaka yote hii!" mzee mmoja anapiga kelele, na kuku hata hakuwala. "Tumemkosea nini? Ngoto ya mwaka gani hatukupeleka?" Walikuwa wanaona wamedhulumiwa, tena wanaona kwa moyo safi, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Kaka akahangaika. Hapa wanacheka, pale wanamwambia arudi kesho. Mwishowe akampata tajiri mmoja wa mkonge, mwenye mashamba upande wa Kingolwira. Huyo alikubali kulipa deni la zamani lote, nasi tumlipe yeye kwa miaka saba, kila baada ya miezi mitatu kitu kidogo cha mkopo na riba juu yake, riba kubwa kuliko ile ya kwanza. Bwana shauri akaridhia. Lakini tajiri aliweka masharti mawili. La kwanza, tukikosa awamu moja tu, deni zima linaiva siku hiyohiyo. La pili, lori lilikuwa limechakaa, halimtoshi kuwa dhamana. Alitaka na nyumba yenye hati. Katika kampuni nzima nyumba yenye hati ilikuwa moja.

Aliniambia tukiwa nyuma ya lori, tumekalia magunia, upepo unatupiga. 

"Nyumba ya mama?"

"Hati ina jina langu."

"Nakuuliza, nyumba ya mama?"

"Nisipotia saini kampuni inakufa mwezi huu. Watu wamenipa fedha zao, wewe ukiwemo. Nikitia saini inaishi miaka saba."

"Na yeye akilala nje ataishi miaka mingapi?"

"Halali nje. Tutalipa kila awamu, nitahakikisha mwenyewe. Naomba usimwambie. Ana maumivu ya nyonga ile usiku kucha, nisimwongezee hili."

"Wewe na kampuni yako mna wazimu," nikamwambia, nikampa mgongo mpaka Mkuyuni. Lakini kumwambia mama sikumwambia. Kaka alikuwa ameniomba, na mwenye nyumba ni yeye.

Akatia saini. Akapanda baiskeli mwenyewe mpaka mjini kumpelekea Mgoa mkataba, na Mgoa akafanya kama alivyoahidi: deni likabaki kwenye muda mrefu, sehemu ndogo ya mwaka ule ikawekwa upande wa pili, na maelezo yakaandikwa chini. Mwenye mafuta akasoma, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kutukopesha.

Kwenye mkutano mkuu kaka akatusomea yote. Alisoma Kiswahili, mzee mmoja akarudia kwa Kiluguru kwa ajili ya waliotoka juu kabisa. Akasoma na yale maelezo: kwamba mkopo wa zamani umelipwa kwa mkopo mpya, kwamba lori na nyumba ya mdhamini vimewekwa dhamana, kwamba awamu ikikosekana deni zima litadaiwa mara moja. Hakuruka neno. Hakusema tu mdhamini ni nani, na hakuna aliyeuliza. Neno lenyewe lilikuwa la ofisini, likapita juu ya vichwa vya watu.

Mimi nikasimama. "Mwenyekiti, tukikosa hiyo awamu moja, hasa itakuwaje? Lisome tena hapo."

Akalisoma tena, sauti imepungua kidogo.

Mzee aliyekuwa akitafsiri akanigeukia, akanicheka kwa upole. "Binti yangu, wewe una hofu ya nini? Nani umemwona amefukuzwa shambani kwa ngoto ya mwaka mmoja? Tumempata mwenye mali mpya, tutampelekea yake, tutakaa naye." Ghala likaitikia, ndiyo, ndiyo, wanawake wakapiga vigelegele, na mtu akauliza huyu mpya anakula kuku au hali. Nikakaa chini. Nilitamani kumrushia mtu kiti.

Tulilipa. Mwaka wa kwanza tulilipa, wa pili tulilipa, kaka anakonda. Mapato yakipungua alijazia kwa mfuko wake, akauza kwanza baiskeli, kisha akauza koti lake la jeshi. Mkewe akaja kunililia kwamba nyumbani hakuna hata sukari. Nami nikawa nampa mboga, na juu yake namtukania huyo mumewe.

Kisha zikaja zile mvua. Zilinyesha mpaka mlima ukaachia. Barabara ikakatika upande wa kwenda mjini, kipande kizima kikaporomoka na migomba yake bondeni, na lori likabaki Mkuyuni kuku wanalala chini yake. Kabichi zilioza mpaka harufu ikawa inatufuata kanisani. Mashine ya kusaga ikanyamaza kwa kukosa mafuta. Awamu ikawa inakaribia, na kampuni haina kitu.

Kaka akaniambia, "Twende juu tukawaombe." Tukapanda, nyumba hadi nyumba, miguu imejaa tope mpaka magotini. Tulikuwa tunaomba kila mwenye hisa atoe kidogo tu, robo ya alichokuwa akitoa zamani kwa mwenye gari. Nasema kweli, watu wale hawakuwa wachoyo. Hakuna nyumba iliyotuacha tutoke bila kula. Walitupa magimbi ya njiani, walitukausha nguo motoni. Lakini fedha, hapana. Walikuwa nayo kidogo, wengine, imefichwa kwa ajili ya chumvi na kodi ya serikali, na hawakuona sababu ya kuitoa.

Mama mmoja mtu mzima, mwenye hisa nyingi kuliko sisi sote, alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wanangu, mwaka kama huu ngoto haidaiwi. Mwaka wa njaa mwenye shamba ndiye anayekuja kutuangalia, tena na kapu mkononi. Huyo tajiri hajasikia mvua? Mwambieni aje aone."

Kaka akasema, "Mama, huyu si mwenye shamba. Huyu ni mdai. Hana habari na mvua."

"Si wewe uliyetuambia ni ngoto?"

Hakuuliza kwa kumsuta. Alitaka kujua tu, kama mtu anayeuliza njia. Kaka akainama akafuta tope miguuni. Mimi nikasimama nikamwambia mama yule kwamba ngoto ilikwisha siku yule Mhindi alipokunja mikono, kwamba hili ni deni na riba yake, majina yake ndiyo hayo, na fedha ikikosekana kuna mtu ataumia. "Nani?" akauliza. Nikamtazama kaka. Kaka akatikisa kichwa. Basi nikatoka nje mvuani, maana ningebaki ningetukana mtu aliyenizidi umri.

Tulirudi na fedha isiyofika hata nusu. Barabara ikiwa bado imekatika, kaka akaenda kwa miguu mpaka mjini, na kutoka mjini mpaka kwenye ofisi ya tajiri. Tajiri hakumfokea. Alimpa kiti, akamwonyesha ule mstari kwenye mkataba, na saini ya kaka chini yake. Akamwambia na yeye ana wadai wake, na mkonge umeshuka bei. Deni zima likaiva.

Lori lilichukuliwa barabara ilipotengenezwa. Watu walilitazama likiondoka wala hawakulia sana. "Limerudi kwa mwenyewe," walisema. Nyumba ilihamishwa kwa karatasi ofisini mjini, bila ngoma wala mnada, na thamani ya vitu viwili hivyo ikamaliza deni. Kaka akamwomba tajiri jambo moja: mama aendelee kukaa mle, yeye atalipa kodi ya pango kila mwezi. Tajiri akakubali, akampa na kazi ya kukata na kubeba mkonge shambani kwake, kodi inakatwa kwenye mshahara kabla mshahara haujafika mkononi. Kulikuwa na karatasi ya upangaji: asibomoe, asijenge, asipande kitu cha kudumu. Kaka akawa anarudi Mkuyuni siku za mapumziko tu, viganja vimechanika kwa miiba ya mkonge, na mama anamwuliza kwa nini mwenyekiti wa kampuni anabeba mkonge. "Nimebadilisha kazi, mama," anasema.

Mkutano mkuu uliofuata alikuja kuwasomea hesabu kwa mara ya mwisho. Mashine ya kusaga ilikuwa imebaki, na ghala. Akasoma mpaka akafika mahali pale. "Madeni ya muda mrefu," akasema, "hakuna."

Mungu wangu, zile kelele! Watu walisimama. Walikumbatiana. Shehe alisema alhamdulillahi, Wakatoliki wakaimba, na wazee wakamletea kaka jogoo mwekundu, wakamshikisha mkononi, wakamwita shujaa. Mtu mzima yule amesimama mbele ya watu na jogoo anampigapiga mabawa kifuani, anasema asanteni, asanteni.  Nilitoka ghalani sikuaga.

Mama alikuwa barazani, amesikia vigelegele. "Kuna nini huko?"

"Wamesoma hesabu. Kampuni haina deni."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Akafumba macho, akashukuru. Akaniambia miaka yote alikuwa anajua mwanawe ana mzigo, ingawa hakumwambia, na sasa moyo wake umetulia, anataka michungwa miwili nyuma ya nyumba, wajukuu waje wale. Nimletee miche. Nilizungusha siku, nikamwambia miche haipo, nikamwambia jua kali. Akanikasirikia, akasema basi ataitafuta mwenyewe kwa magongo. Nikaleta. Nikapanda huku ananielekeza nichimbe wapi.

Msimamizi wa tajiri alifika Jumamosi moja asubuhi kukagua nyumba. Kijana mstaarabu, kofia mkononi. Akazunguka nyuma, akaona michungwa, akarudi akaniambia kwa sauti ya chini kwamba haikubaliki, karatasi inakataza. Nikamwambia aguse aone. Akasema, "Dada, nisipoitoa mimi nitafukuzwa kazi." Akarudi nyuma akaing'oa, mmoja baada ya mwingine, mimi nimemshika mkono namvuta. Mama alikuwa amekuja taratibu na magongo yake, amesimama kwenye kona ya ukuta.

"Mwache," akaniambia.

Kwetu aliyepewa kulima hapandi mti. Mihogo apande, mahindi apande, lakini mti ni wa mwenye ardhi, na mwenye ardhi pekee ndiye anayeweza kuung'oa. Mama hakuhitaji kuelezwa. Kijana akainamisha kichwa akamwamkia, "Shikamoo, mama." Mama akamwitikia, "Marahaba, baba," akamwuliza kama kwao hawajambo, kisha akaingia ndani. Nikasikia vyungu vinagongana. Nilipomfuata alikuwa anafunga nguo zake kwenye kanga.

"Nisaidie na kitanda," akasema. Sikuweza kumbishia. Nililia nikiwa nimeshika mguu wa kitanda.

Mchana kaka alikuja, ilikuwa siku yake ya kurudi. Akamkuta mama amekaa kwenye kigoda kando ya barabara, vyombo vimemzunguka, mlango umefungwa kwa nje. Akapiga magoti palepale vumbini.

"Mama, rudi ndani. Nimelipa. Nimelipa mpaka mwisho wa mwezi."

Mama akachukua kiganja chake, akakifungua, akaitazama mikato ya mkonge.

"Mwanangu," akasema, "ungeniambia siku ileile. Ningepanda zangu mlimani wakati miguu ilikuwa bado inanibeba."

Tukambeba kwa machela. Watu wa kampuni walikuja bila kuitwa, Wakatoliki na Waislamu, wakapokezana mpaka juu kwenye shamba la ukoo, na walipofika wakaanza kukata nguzo za kibanda. Kaka hakubeba. Alitembea nyuma ameshika kigoda cha mama, na hakuna aliyemwuliza kitu.